Chuma, mpanga safari aliyepita kwetu mwaka 1879

Vijana kibao hapa Tukuyu wananiuliza hii kazi ya kupanga usafiri ni kazi gani hasa, na kama ni lazima uwe na kompyuta ya maana ndio uiweze. Mimi huwa nawatajia mtu mmoja tu: James Chuma. Huyu jamaa hakuwa na ramani.

Alikuwa Myao, akatekwa utumwani akiwa mdogo. Mwaka 1861 kina Livingstone wakaukuta msafara wa watumwa huko bonde la Shire, leo ni Malawi, wakawafungua, naye akiwamo. Mwaka 1864 akavushwa bahari hadi Bombay, akasoma kidogo, akabatizwa. Mwaka 1866 akarudi na Livingstone kupitia Ruvuma, na alikuwa naye mzee alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Hapo ndipo kichwa chake kilipoonekana. Yeye, Susi na wenzao wakaukausha mwili juani, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani watu waligoma maiti isipite. Wakatengeneza furushi la uongo, wakajifanya wanalirudisha Unyanyembe kuzikwa, kumbe mwili wenyewe umefungwa kama mtumba wa nguo. Lakini mazishi ya London, Aprili 1874, Chuma na Susi hawakuyaona! Walifika Uingereza baadaye.

Baada ya hapo akawa ndiye wa kuajiriwa. Aliongoza misafara ya misheni ya UMCA huko kusini, kisha mwaka 1879 chama cha jiografia cha London kikataka njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Chuma akawa mnyapara mkuu, watu kama 150. Hebu piga hesabu: kila mpagazi kichwani ana frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Kila siku wote wale, walale penye maji, na kila mtemi apewe hongo yake. Hongo ya enzi hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita, sio hii tunayoijua sisi. Ukikosea mahali pa kununua chakula, wapagazi wanatoroka usiku na mizigo inabaki chini.

Juni 28 mkuu wa safari, Keith Johnston, akafa Behobeho, ambako leo ni ndani ya Hifadhi ya Nyerere. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, hana uzoefu wowote wa Afrika. Historia inasema Thomson aliendelea na safari. Sawa, ila mimi najiuliza, angeendelea na nani bila Chuma? Chuma alijua Kiingereza, Kiswahili, Kiyao na lugha nyingine kadhaa, na alikuwa bingwa wa porojo. Usicheke, porojo ndiyo iliyofungua njia kwa watemi.

Wakakatiza Mahenge na Uhehe, na Septemba wakashuka nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa ziwa. Thomson aliisifia sana migomba yetu na usafi wa vijiji. Novemba wakawa Ziwa Tanganyika. Huko Thomson akaenda kuutazama mto Lukuga na watu wachache, akamwachia Chuma kambi na sehemu kubwa ya msafara. Walirudi Bagamoyo katikati ya 1880, na kwa hesabu ya Thomson mwenyewe, wapagazi waliokufa safari nzima ni mmoja tu. Kwa safari za miaka ile hiyo ni rekodi ya kutisha.

Mwaka 1881 akaenda tena na Thomson Ruvuma, wakimtafutia Sultani Barghash makaa ya mawe. Mwaka 1882 akafa Zanzibar kwa kifua kikuu, umri wake kama miaka 32 tu.

Thomson ana swala mwenye jina lake hadi leo. Kitulo nayo zamani iliitwa Elton, kwa jina la mzungu aliyepita 1877. Mwaka 2022 mitaa nchi nzima ilikuwa inabandikiwa vibao vya majina, na huku kwetu sijaona hata kimoja cha Chuma. Kama mtaani kwenu kipo, semeni.