Blumberg na Damu ya Mama Mjamzito

Sisi wanaisimu hupenda kuuliza jina la kitu limetoka wapi. Alama ya kwanza ya virusi vya homa ya ini aina ya B iliitwa kwa jina la Australia, ilhali ugonjwa wenyewe umeenea ulimwengu mzima. Kisa cha jina hilo ni kisa cha hayati Baruch Blumberg, mtu ambaye walimu na wanafunzi wetu wanastahili kumjua.

Blumberg alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1925. Mwaka 1950, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Surinam, Amerika ya Kusini. Huko aliona watu wa asili mbalimbali wakiishi mahali pamoja, huyu akipata matende na yule akisalimika. Swali la sababu ya tofauti hiyo halikumtoka tena. Alikusanya damu za watu wa mataifa mengi, Nigeria ikiwemo. Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake waligundua protini ngeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Ndipo jina likapatikana. Baadaye ikabainika kuwa protini ile ni sehemu ya virusi vinavyoshambulia ini. Kipimo cha damu kikapatikana, na mwaka 1969 yeye na Irving Millman wakabuni njia ya kutengeneza chanjo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, akafariki mwaka 2011.

Kwa maoni yangu, urithi wake tunauhitaji zaidi katika kliniki za wajawazito. Mama aweza kuwa na virusi hivi bila dalili yoyote, akamwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Kati ya watoto 10 walioambukizwa hivyo, takriban 9 hubaki navyo maishani, na ukubwani huweza kupatwa na saratani ya ini. Chanjo tuliyoizoea nchini Kenya huanza wiki ya 6. Kwa mtoto huyu, huenda huko ni kuchelewa. Yeye huhitaji chanjo katika saa 24 za kwanza, na mama huenda akahitaji dawa kabla ya kujifungua. Haya yote hutegemea damu kupimwa mapema.

Aidha, wengi huuchanganya ugonjwa huu na homa ya manjano, inayoenezwa na mbu. Walimu, tofauti hiyo ifundisheni darasani. Mama asiyelijua jina la ugonjwa ataombaje kipimo chake?