Jilfidan, Suria wa Mtoni

Nilikuwa Meru hivi karibuni, nimekaa kibanda cha chai kando ya soko la Gakoromone nikingojea gari. Mzee mmoja muuza ndizi alikuwa akituhadithia habari za Yekaterina Dolgorukova, kimada wa mfalme Alexander wa Pili wa Urusi, aliyeolewa kwa siri mwaka 1880 na wanawe wasipewe haki ya kurithi kiti. Aliponitambua kuwa mtu wa pwani akaniuliza: na masultani wenu, mama zao walikuwa nani? Nikamjibu kwa mkato. Niseme kweli, niliona haya. Kwetu nasaba ilisomwa upande wa baba, na yuko nyanya mmoja ambaye jina lake lilirukwa. Mtoto akiuliza hutumwa dukani.

Basi jawabu nililomnyima mzee yule nalitoa hapa.

Jilfidan alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukasi, binti wa wakulima. Vita vilipoingia nchini kwao, baba aliwaficha watu wake chini ya ardhi. Maharamia wakawafichua, wakawaua baba na mama, na wapanda farasi watatu wakachukua kila mmoja mtoto wake: kaka, yeye, na mdogo wao wa kike aliyekuwa bado analilia mama. Jioni ile njia zikaachana, na Jilfidan hakupata tena habari zao maisha yake yote.

Alifika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan akiwa na miaka saba au minane, maana jino lake la kwanza la utoto liling'oka humo. Akalelewa pamoja na mabinti wawili wa Sayyid waliokuwa hirimu yake, akafundishwa kusoma, jambo ambalo masuria wengi hawakulipata. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, nywele nyeusi zikimfika magotini. Uzuri wa sura hakusifiwa nao. Alisifiwa kwa kuuguza, kwani palipokuwa na mgonjwa hapo Bet il Mtoni ndipo alipokuwa yeye, na kitabu mkononi akimsomea.

Alizaa angali kijana. Binti mmoja alifariki mchanga, akabaki Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844.

Hapa ndipo mambo yetu yanapoachana na ya Urusi. Kwa sharia, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru na hurithi sawa na wa mke wa ndoa. Na mama yake hauzwi, na bwana akifa huwa huru. Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Sayyid, hakuwa na mtoto. Majid alizaliwa na Sara, Mcherkesi. Barghash na Mhabeshi. Na wote wawili walikikalia kiti cha Unguja. Wako wanaoitaja hukumu hii kwa fahari, nami sibishi nao, ila naona wanaianza hadithi mlangoni pa jumba na kuliacha lile shimo la Kaukasi.

Sara na Jilfidan walikuwa marafiki, wakaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenziwe atamwangalilia wanawe. Akatangulia Sara. Jilfidan akatimiza: akahamia na Salme kwa Majid, Bet il Watoro, akamtunza kama mwana wake. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman, na Jilfidan akawa huru. Uhuru huo ulidumu miaka mitatu tu. Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja, naye akafa kwacho, bintiye akiwa kando yake. Allah amrehemu. Miaka mitano baadaye majeshi ya Alexander yuleyule wa hadithi ya mzee yakamaliza kuiteka nchi ya Wacherkesi.

Mwaka uleule aliokufa, Barghash alimpangia Majid njama, na mwandishi wa barua zake akawa Salme, aliyejifunza kuandika kwa siri. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumfunga Salme wala hakumfukuza. Wapo wanaosema ni upole wake. Mimi nadhani alimkumbuka mama aliyemlea.

Salme aliondoka Unguja 1866, akaishi Ujerumani, na kitabu chake kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1886 kimelitaja jina la mama yake waziwazi. Mzee wa Gakoromone nimemwahidi nitampelekea gazeti hili kwa mkono wa dereva.