Senti tano za James Fraser na thamani isiyoandikwa

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii huwajia wengi wanapotazama jahazi baharini, lakini ni nadra kumjia mtu anayetoa sarafu mfukoni kulipa nauli. Sarafu nayo imeundwa. Kuna aliyeichora, aliyempinga mchoraji, na waliochorwa humo bila kuwa na sauti katika jambo hilo. Kwa sababu hii, napenda walimu na wanafunzi tumtazame mchongaji mmoja wa Marekani, James Earle Fraser, ambaye kazi yake ndogo kuliko zote, sarafu ya senti tano, ndiyo iliyoshikwa na watu wengi zaidi.

Fraser alizaliwa tarehe 4 Novemba 1876 katika mji wa Winona, jimbo la Minnesota. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa wamekishinda kikosi cha George Armstrong Custer katika vita vya Little Bighorn. Babake mchongaji huyu, Thomas Fraser, alikuwa mhandisi wa reli, na alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kuyakusanya mabaki ya askari waliouawa huko. Mtoto alilelewa katika nyanda za Dakota, karibu na Mitchell, ambako alijifunza kuchonga kwa mawe laini ya chokaa. Huko aliona wenyeji wakisukumwa kutoka katika ardhi yao, na akasikia wawindaji wakongwe wakitabiri kwamba watafukuzwa hadi ukingoni mwa bahari. Aidha, huo ndio wakati ambapo wanyama waliokuwa makumi ya mamilioni katika nyanda hizo walichinjwa hata wakasalia pungufu ya elfu moja.

Alisomea uchongaji Chicago, kisha Paris, na baadaye akawa msaidizi wa Augustus Saint-Gaudens, bingwa wa fani hiyo nchini mwake. Tangu ujanani alikuwa ameanza kuunda sanamu ya mpanda farasi mwenyeji, mabega yamelegea na mkuki umeelekea chini, aliyoiita Mwisho wa Njia. Sanamu kubwa ya aina hiyo ilipoonyeshwa San Francisco mwaka wa 1915, jina la Fraser lilienea kote.

Kabla ya hapo, hata hivyo, alikuwa amekwisha kuingia mifukoni mwa watu. Tangu mwaka wa 1883 Marekani ilikuwa ikitumia sarafu ya senti tano iliyochorwa na Charles Barber. Sarafu hiyo ilianza kwa kosa la kufundisha: iliandikwa tarakimu ya Kirumi ya tano bila neno la senti. Walaghai waliipaka rangi ya dhahabu na kuilipia kana kwamba ni dola tano. Katika mwaka huo huo neno lililokosekana likaongezwa. Hapa mwanafunzi wa lugha aone jinsi neno moja lililoachwa linavyoweza kugeuza thamani mara mia.

Serikali ilipoamua kuibadilisha sarafu hiyo, kazi alipewa Fraser. Upande mmoja aliweka uso wa mwenyeji wa Marekani, na upande wa pili mnyama wa nyanda. Kampuni moja iliyotengeneza vifaa vya kutambua sarafu bandia katika mashine za kuuzia bidhaa, kampuni ya Hobbs, ikapinga mchoro huo na kudai marekebisho yasiyokwisha. Waziri wa Fedha, Franklin MacVeagh, akakata shauri mnamo Februari 1913 kwamba uzuri wa sarafu usitolewe kafara kwa ajili ya biashara moja. Mwezi wa Machi sarafu ikaanza kutumika.

Fraser alieleza kwamba uso ule haukuwa wa mtu mmoja, bali aliuunda kutokana na watu kadhaa. Wawili aliowataja ni Iron Tail wa Lakota na Two Moons wa Cheyenne. Msomaji azingatie jambo hili: Two Moons alipigana Little Bighorn. Baba aliyakusanya mabaki ya walioshindwa, na mwana akauchonga uso wa mmoja wa walioshinda, katika fedha ya taifa ambalo hatimaye liliichukua ardhi yote.

Kwa jicho la isimu, sarafu hii ni kioja. Watu huiita nikeli ya nyati, au nikeli ya kichwa cha Mhindi. Nikeli yenyewe ni robo tu, na robo tatu zilizosalia ni shaba. Mnyama yule si nyati kwa ukoo, bali ni baisani, ingawa Wamarekani wamezoea kumwita nyati. Naye mtu yule si Mhindi, kwani jina hilo lilitokana na mabaharia wa Ulaya waliodhani kuwa wamefika Bara Hindi. Hivyo basi, majina matatu yanatumika kwa kipande kimoja cha madini, na yote matatu yanapotosha. Jina si hoja, na anayetaka kuijua thamani ya kitu hana budi kulivuka jina.

Mkusanyaji wa sarafu huivuka hatua hiyo kwa kuchunguza. Kwanza huhakikisha uzito, gramu 5, na kipenyo cha milimita 21.2. Pili hutafuta mwaka, ambao Fraser aliuweka begani pa mtu. Mahali hapo palikuwa pameinuka, hivyo mwaka ulisagika upesi, na leo sarafu nyingi mno za aina hii hazina mwaka unaosomeka. Zile za kwanza za 1913 zilikuwa na kasoro nyingine: maandishi ya thamani yaliwekwa juu ya kilima alichosimamia mnyama, na yangefutika vilevile. Kilima kikasawazishwa na maandishi yakaingizwa ndani. Kwa hiyo mwaka huo mmoja una aina mbili, na mkusanyaji hana budi kuzitofautisha.

Tatu, huangalia chini ya maandishi hayo ya thamani. Herufi D ni ya kiwanda cha Denver, S ni ya San Francisco, na penye kukosa herufi ni Philadelphia. Herufi hiyo moja huweza kupambanua kitu cha kawaida na kitu adimu. Mwaka wa 1936 Philadelphia ilipiga sarafu zaidi ya milioni 118, ilhali mwaka wa 1926 San Francisco ilipiga 970,000 tu. Nne, hutazama pembe ya mnyama na nywele za mtu, kwani huko ndiko uchakavu huonekana mapema. Pembe ikionekana nzima, sarafu hupanda daraja. Ikiwa imelika, hushuka.

Maarufu kuliko nyingi ni sarafu ya Denver ya mwaka wa 1937 yenye mnyama wa miguu mitatu. Fundi aliusugua kupita kiasi muhuri wa kupigia sarafu, na mguu mmoja wa mbele ukatoweka. Kwa kuwa kosa hilo huuzwa ghali, matapeli huukwangua mguu katika sarafu za kawaida. Hata hivyo, ile halisi ina mstari wa vidoa vilivyoinuka chini ya tumbo, na vidoa hivyo haviwezi kuletwa na kisu cha tapeli. Isitoshe, mkusanyaji mwerevu haisafishi sarafu kwa msasa wala kwa tindikali. Tindikali huweza kuufufua mwaka uliofutika, lakini huila sura ya sarafu na kuipunguzia bei. Kitu cha kale huthaminiwa pamoja na makovu yake.

Je, tumthamini vipi Fraser mwenyewe? Naona tumpime kwa mizani hiyo hiyo, bila kumsugua hadi ang'ae. Aliwapa wenyeji heshima ambayo sarafu nyingi za awali hazikuwapa, kwa kuwa aliwachora kwa sura zao. Lakini aliandika neno la uhuru karibu na uso wa watu ambao wengi wao hawakuwa raia hadi sheria ya mwaka wa 1924. Hali kadhalika, ndiye aliyechonga sanamu ya Theodore Roosevelt iliyozinduliwa mwaka wa 1940 mbele ya jumba la makumbusho New York. Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka wa 1909 kwa safari ya kuwinda, ameketi juu ya farasi, huku Mwafrika na mwenyeji wa Marekani wakitembea kwa miguu kandokando yake. Sanamu hiyo iliondolewa Januari 2022 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Mkono uliowatukuza wanyonge ndio uliowaweka chini ya farasi, na mwanahistoria mwadilifu hataficha lolote kati ya hayo mawili.

Sarafu yake ilikoma kupigwa mwaka wa 1938, ikafuatwa na ile ya Felix Schlag yenye sura ya Jefferson. Fraser alifariki tarehe 11 Oktoba 1953 huko Westport, Connecticut. Mchoro wake ulirudishwa katika dola ya fedha ya mwaka wa 2001 na katika sarafu ya dhahabu iliyoanza mwaka wa 2006, ambayo bei yake haikaribiani kamwe na senti tano.

Mwalimu anayefundisha historia, lugha au hesabu anaweza kuanzia hapa. Mwanafunzi na apewe sarafu kuukuu, aulizwe imeandikwa nini, nini kimefutika, nani amechorwa na nani aliamua achorwe. Akiyajibu hayo kwa ushahidi, na si kwa kubahatisha, atakuwa amejifunza kutathmini. Ujuzi huo utamfaa pia atakapokutana na watu ambao bei yao imekwisha kuandikwa na wengine.