Maisha ya Mtunzi: Hans Christian Andersen na Ngano ya Binti Nguva

Utangulizi

Riwaya nyingi za mapenzi zinazosomwa na vijana leo ni ngano kongwe zilizovishwa mavazi mapya. Binti mfalme huwa mwanafunzi, kasri huwa shule ya bweni, na mchawi huwa jirani mwenye wivu. Ili kuuelewa usimulizi wa aina hii, inafaa mwanafunzi ayajue maisha ya Hans Christian Andersen, mmoja wa watunzi mashuhuri waliosimulia upya ngano za kale. Unaposoma, jiulize: mtunzi akiichukua ngano aliyoikuta, anaongeza nini kilicho chake?

Malezi

Andersen alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 katika mji wa Odense, nchini Denmark. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, na mama yake alifua nguo za watu ili kupata riziki. Mama hakuwa na elimu, lakini baba alipenda vitabu na alimsomea mwanawe hadithi za Alfu Lela Ulela. Nyanya yake naye alitunza bustani ya hospitali ya mji. Huko mtoto alikaa na wanawake wazee waliosokota nyuzi huku wakitambiana ngano. Kwa hivyo, fasihi andishi aliipata kwa baba, na fasihi simulizi aliipata kwa wazee hao. Baba alifariki mwaka wa 1816, Hans akiwa na umri wa miaka 11.

Safari ya Copenhagen

Mwaka wa 1819, akiwa na miaka 14, Hans aliondoka nyumbani peke yake kwenda Copenhagen, mji mkuu, kutafuta nafasi katika Jumba la Kifalme la Maigizo. Mali yake kubwa ilikuwa sauti nzuri ya kuimba. Giuseppe Siboni, mkuu wa mafunzo ya uimbaji, alikubali kumfunza. Haukupita muda mrefu sauti ikavunjika, kama inavyowatokea wavulana wanapobaleghe, na mafunzo yakakoma. Kijana maskini akabaki mjini bila kile kimoja alichotegemea kimfungulie milango. Likumbuke tukio hili utakapofika kwenye ngano yenyewe.

Elimu

Jonas Collin, mmoja wa wakurugenzi wa jumba hilo, aliona kwamba kijana ana kipawa lakini hajasoma. Alimpatia ufadhili wa mfalme, na mwaka wa 1822 Hans akapelekwa shuleni Slagelse. Akiwa na umri wa miaka 17, aliketi darasani na wavulana aliowazidi kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu, Simon Meisling, alimkejeli na kumkataza kutunga. Andersen aliikumbuka miaka hiyo kuwa ya giza kuu maishani mwake. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka wa 1828 alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu.

Utunzi

Mwaka wa 1835 alichapisha kijitabu chake cha kwanza cha ngano. Kilikuwa na ngano nne. Tatu kati yake zilitokana na masimulizi aliyoyasikia utotoni, na ya nne aliitunga mwenyewe. Aliziandika kwa lugha ya mazungumzo, kana kwamba fanani yuko mbele ya hadhira yake. Baadhi ya wahakiki hawakuipenda lugha hiyo, lakini ndiyo iliyozipa ngano zake uhai. Alipofariki alikuwa ametunga ngano zaidi ya 150.

Mapenzi

Andersen hakuwahi kuoa. Mwaka wa 1830 alimpenda Riborg Voigt, dada ya mwanafunzi mwenzake, lakini msichana huyo alikuwa tayari na mchumba, na mwaka uliofuata akaolewa. Alimwandikia pia Edvard, mwana wa Jonas Collin, barua zenye hisia nzito ambazo Edvard hakuweza kuzirudisha. Edvard alioa mwaka wa 1836. Miaka michache baadaye Andersen alimpenda mwimbaji wa Uswidi, Jenny Lind, naye akamchukua kama kaka tu.

Ngano ya Binti Nguva

Ngano hii ilichapishwa mwaka wa 1837. Binti mdogo wa mfalme wa bahari anamwokoa mwanamfalme merikebu inapozama, kisha anampenda. Ili apate miguu, anampa mchawi sauti yake. Kila hatua anayopiga inamuuma kama anayekanyaga visu. Mwanamfalme anampenda kama mtoto, ila hajui ni nani aliyemwokoa, na binti hana sauti ya kumwambia. Hatimaye mwanamfalme anaoa mwingine. Dada zake binti wanamletea kisu ili amuue mwanamfalme na aokoke. Anakitupa baharini, anageuka povu, kisha anapokewa miongoni mwa mabinti wa hewa.

Visa vya viumbe wa majini wanaowapenda wanadamu vilikuwepo kabla ya Andersen. Katika hadithi ya Undine ya Mjerumani Friedrich de la Motte Fouqué, iliyotoka mwaka wa 1811, kiumbe wa majini anapata roho kwa kuolewa na mwanadamu. Andersen alilikataa wazo hilo. Binti wake anaanza safari ya kuipata roho kwa matendo yake mwenyewe, wala si kwa kupendwa na mtu. Methali husema mvumilivu hula mbivu. Binti nguva alivumilia na hakupata mume, lakini hakuruhusu uchungu umfanye muuaji. Hapa ndipo maisha ya mtunzi yanapoonekana: sauti iliyopotea, mgeni anayeumia akijaribu kufanana na wenyeji, na mapenzi yasiyorudishwa.

Usimulizi wa leo

Filamu ya kampuni ya Disney ya mwaka wa 1989 iliubadilisha mwisho: binti nguva anaolewa na mwanamfalme. Riwaya nyingi za vijana hufuata njia hiyo. Si kosa kubadilisha, kwani Andersen naye alibadilisha alichokikuta. Kazi ya mwanafunzi ni kuuliza kila mwisho unamfunza nini msomaji kuhusu mapenzi: je, thamani ya mtu hutokana na kuchaguliwa na mwingine?

Andersen alifariki tarehe 4 Agosti 1875. Kifuani mwake palikutwa kifuko chenye barua ya Riborg. Alikuwa ameitunza kwa zaidi ya miaka 40.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi malezi ya Andersen yalivyochangia utunzi wake. (alama 4)
2. Kupoteza sauti ni ishara muhimu katika ngano ya Binti Nguva. Thibitisha ukirejelea maisha ya mtunzi. (alama 6)
3. Linganisha mwisho wa ngano ya Andersen na mwisho wa filamu ya 1989. Ni upi unaojenga vyema zaidi maudhui ya mapenzi? Tetea jibu lako. (alama 10)