Salahuddin Ayyubi: Mshindi asiyelipiza kisasi Jerusalem

ZAIDI ya miaka 800 imepita tangu Salahuddin Ayyubi afariki dunia, lakini jina lake bado hutajwa kila zinapozungumzwa chuki zilizoachwa na Vita vya Msalaba.

Mtawala huyo, ambaye watu wa Ulaya humwita Saladin, alizaliwa Tikrit, katika nchi ambayo leo ni Iraq, mwaka 1137 au 1138, katika familia ya Kikurdi. Alikwenda Misri na jeshi la baba yake mdogo, Shirkuh, na mwaka 1169 akawa waziri wa nchi hiyo. Mwaka 1174 aliitwaa Damascus, kisha akapigana kwa miaka mingi na Waislamu wenzake hadi akaziunganisha Misri na Syria.

Wakati huo Jerusalem ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa Msalaba, ambao walipoiteka mwaka 1099 waliwaua Waislamu na Wayahudi kwa maelfu.

Julai 4, 1187 Salahuddin aliwashinda huko Hattin, na Oktoba 2 mji ukasalimu amri. Wengi walitarajia damu ilipwe kwa damu. Badala yake aliwaruhusu wakazi wajikomboe: dinari 10 kwa mwanamume, tano kwa mwanamke. Kanisa la Kaburi Takatifu halikubomolewa.

Hata hivyo, huruma hiyo ilikuwa na mpaka. Maelfu waliokosa fedha walitiwa utumwani, na baada ya Hattin aliamuru mateka wa Templar na Hospitaller wauawe.

Athari zilifika mbali. Mwaka 1188 wafalme wa Uingereza na Ufaransa walitoza kodi ya sehemu ya kumi ya mapato ili kugharamia vita vipya. Kodi hiyo ikaitwa Zaka ya Saladin.

Vita hivyo vilimalizika kwa mkataba wa Septemba 1192. Jerusalem ilibaki kwa Waislamu, na mahujaji Wakristo wakaruhusiwa kuizuru. Salahuddin alifariki Damascus Machi 4, 1193.

Karne nyingi baadaye, Saddam Hussein, aliyezaliwa karibu na Tikrit, alijifananisha naye, ilhali utawala wake uliwaua maelfu ya Wakurdi, watu wa kabila la shujaa huyo. Mwaka 2001 Rais George W. Bush wa Marekani aliita vita dhidi ya ugaidi kwa jina lile lile la vita vya msalaba, na kuzusha hasira katika nchi nyingi za Kiislamu.

Hivyo ushindi wa Hattin unakumbukwa na wengi. Mkataba wa 1192, uliowafungulia mahujaji njia, hutajwa mara chache.