Mary Ainsworth

Mary Dinsmore Salter Ainsworth (1 Desemba 1913 – 21 Machi 1999) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani na Kanada. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu uhusiano wa kihisia kati ya mtoto mchanga na mlezi wake, alioanza kuufanya nchini Uganda.

Maisha

Alizaliwa Glendale, Ohio, akakulia Toronto, Kanada. Alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Toronto na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Virginia. Alifariki Charlottesville, Virginia.

Utafiti nchini Uganda

Mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, alikopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Ainsworth alichagua familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, akazitembelea nyumbani mara kwa mara kwa miezi kadhaa akiwa na mkalimani.

Alitaka kuchunguza mila ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa kuachishwa ziwa, lakini akakuta kwamba wengi walikuwa wameiacha. Hivyo aliangalia maisha ya kila siku: mtoto analia lini, anamfuata nani, ananyamazishwa na nani. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu tu anamlisha. Ainsworth aliona mtoto akitambaa mbali kuchunguza vitu, kisha akirudi kwa mama kama ngome yake. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani tabia za mwanawe kwa kawaida alikuwa na mtoto mtulivu zaidi. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1967.

Huko Baltimore alibuni jaribio la takriban dakika 20, ambamo mtoto wa mwaka mmoja hivi huachwa na mama kwa muda mfupi, kisha mama hurudi. Namna mtoto anavyompokea huonyesha kama anamtegemea kwa uhakika.

Urithi

Ainsworth mwenyewe hakupima homoni. Wanasayansi waliofuata walitumia jaribio lake pamoja na kupima kortisoli, homoni ya msongo, katika mate ya watoto. Katika baadhi ya tafiti hizo, kortisoli ilipanda kwa kiwango kidogo kwa watoto wenye uhusiano salama na mama kuliko kwa wengine.

Tafiti za panya zilieleza njia mojawapo. Vitoto vinavyolambwa sana na mama hupata vipokezi vingi zaidi vya homoni hiyo katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuzima msongo. Hata hivyo, matokeo ya panya hayawezi kuhamishiwa kwa binadamu moja kwa moja.

Ukosoaji

Wakosoaji husema jaribio hilo lilitokana na familia chache za Marekani. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyechunguza malezi ya Wakisii wa Kenya, alisisitiza kwamba malezi mema hutofautiana kati ya jamii, hasa pale ambapo dada na bibi nao hulea mtoto.