Baron Empain, mtu wa treni na wa migodi yetu

Sisi wachimbaji wa Kivu tunajua majina ya makampuni kuliko majina ya watu. MGL, SYMETAIN, SOMINKI: wazee wetu walifanya kazi humo, na mpaka leo mtu wa Kamituga akisema MGL kila mtu anaelewa. Lakini nyuma ya MGL kulikuwa kampuni ya treni, na nyuma ya ile kampuni ya treni kulikuwa mtu mmoja, Édouard Empain. Nchini Misri na Ubelgiji jina lake linajulikana sana. Hapa kwetu uwanda wa Ruzizi, Katogota, Luvungi, Kamanyola, watu wachache wanalitaja, na ni hasara, juu ya maisha yake yanaonyesha wazi jinsi reli na madini vilifungwa katika kamba moja.

Empain alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 Beloeil, kijiji cha Ubelgiji. Hakuzaliwa tajiri. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na sote tunajua mshahara wa mwalimu ni kitu gani. Kijana akaenda kufanya kazi Brussels katika kampuni ya vyuma, akichora mapicha ya mashini na ya ujenzi. Hapo njo alijifunza mambo mawili: chuma kinavyofanya kazi, na franga zinavyotembea.

Wakati ule Ulaya ilikuwa na njia kubwa za reli kati ya miji mikubwa, lakini vijiji na mitaa ya maskini vilibaki nyuma. Empain akaona nafasi yake. Mwaka wa 1881 alianzisha kampuni ya reli ndogo, zile za njia nyembamba zisizogharimu sana, na pia benki yake mwenyewe. Hii ndiyo ilikuwa akili yake: asiombe pesa kwa wengine kila mara. Benki ilikusanya pesa, kampuni ikajenga reli, na viwanda vyake vikauza mashini na umeme. Franga ilitoka mfuko wa kuume ikaingia mfuko wa kushoto.

Kutoka Ubelgiji alipita Ufaransa. Kampuni yake ndiyo iliyopata kazi ya kuendesha treni ya chini ya ardhi ya Paris, ile metro, na njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Mjini Cairo, Misri, alipewa ruhusa ya kujenga tramu mwaka wa 1894. Mwaka wa 1904 aliunda Charleroi kiwanda kikubwa cha mashini za umeme, ACEC. Kisha alinunua jangwa karibu na Cairo na kujenga humo mji mzima, Heliopolis, pamoja na jumba lake la ajabu linalofanana na hekalu la Wahindi. Lile jumba lingali limesimama.

Sasa tuje kwetu. Mfalme Leopold II alikuwa na shida moja. Mto Kongo ni barabara nzuri ya masuwa, lakini si mahali pote. Juu ya Kisangani, wakati ule Stanleyville, kuna maporomoko. Juu ya Kindu kuna mawe na maji makali mpaka Kongolo. Na kutoka Lualaba mpaka ziwa Tanganyika hakuna njia ya masuwa. Mizigo ilibebwa kichwani na mgongoni mwa watu, na watu walikufa njiani. Mfalme alitaka reli pale mto ulipokataa, lakini hakutaka kutoa pesa yake.

Tarehe 4 Januari 1902 kampuni ya Empain ilizaliwa: Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains, kwa kifupi CFL. Ndugu wachimbaji, hapa tusome polepole. Serikali ya mfalme iliahidi faida ya asilimia 4 kwa ile pesa iliyowekwa. Maana yake, treni ipate ao ikose, mwenye pesa halali njaa. Zaidi ya hiyo, kampuni ilipewa eneo la hekta milioni 4, na haki ya kutafuta na kuchimba madini. Wenye ile ardhi, wakulima na wawindaji wa Maniema na wa Kivu, hakuna aliyewauliza.

Kazi ilianza. Sehemu ya kwanza ilitoka Stanleyville mpaka Ponthierville, leo Ubundu, kilomita 125, nayo ilifunguliwa mwaka wa 1906. Sehemu ya pili, Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, iliisha mwanzoni mwa 1911. Sehemu ya tatu ilitoka Kabalo mpaka Albertville, leo Kalemie, kilomita 273, na reli iligusa maji ya Tanganyika mwaka wa 1915. Jumla ni kilomita 753 za reli, na kati ya kipande na kipande abiria alishuka akapanda masuwa. Safari ilikuwa hivyo: treni, masuwa, treni, masuwa, treni, kisha ziwa.

Nani aliweka ile mikono? Wazungu walikuwa wachache, wakiongoza. Waliokata misitu, kuvunja mawe na kubeba vyuma ni watu weusi, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu, juu ya serikali ilisaidia kampuni kupata wafanyakazi. Chakula kilitolewa vijijini, na kijiji kisichotoa kiliona cha moto. Empain alipewa cheo cha baron na mfalme mwaka wa 1907. Wale waliolala chini ya zile traversi hawakupewa hata jiwe lenye jina.

Reli ilifika ziwani wakati wa vita. Wajerumani walikuwa wamemaliza reli yao kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma mwaka wa 1914, na walikuwa mabwana wa ziwa kwa masuwa zao. Waingereza wakaleta masuwa mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka mbali kusini. Safari yao ya mwisho ilikuwa juu ya treni ya Kabalo, na tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka masuwa ya kwanza ya Wajerumani. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Baadaye iliinuliwa, ikaitwa Liemba, na wazee wengi wa kando ya ziwa wanaijua. Baron Empain wakati ule alikuwa Paris, akishughulikia silaha za jeshi la Ubelgiji, na alipewa cheo cha jenerali.

Baada ya vita njo ile kontra ya 1902 ilionyesha meno yake. Watu wa CFL walitafuta madini katika maeneo yao, na mwaka wa 1923 ikaundwa Minière des Grands Lacs, ile MGL. Dhahabu ya Kamituga ilianza kutoka. Mizizi ya kampuni ya dhahabu ilikuwa katika kampuni ya treni. Reli ilikuwa mlango, na nyumba yenyewe ilikuwa chini ya udongo. Katika zile kambi baba na babu zetu walifanya kazi kwa posho na mshahara mdogo.

Empain alikufa tarehe 22 Julai 1929. Mwili wake ulipelekwa Heliopolis, ukazikwa katika basilika ya ule mji alioujenga. Miaka miwili nyuma, mwaka wa 1931, treni ikafika hata kwetu: CEFAKI, kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, kupanda uwanda wa Ruzizi mpaka Kamanyola. Mizigo iliyotoka Kalemie kwa masuwa ilipakiwa humo, kisha magari yakaipandisha mpaka Bukavu. Ile treni ilifungwa mwaka wa 1958, na leo mkulima wa Katogota anasafirisha gunia lake kwa kamyo ao pikipiki, barabara ikiwa nzuri ao mbaya.

Kundi la Empain halikufa na mwenyewe. Mwaka wa 1976 MGL, SYMETAIN na makampuni mengine ya Kivu na Maniema viliunganishwa kuwa SOMINKI, na kundi hilo lilikuwa bado ndani. SOMINKI ikaanguka katika miaka ya 1990. Wafanyakazi walibaki na karatasi mkononi, na reli za Kindu na Kalemie zikazeeka mikononi mwa SNCC.

Mwenye nafasi, akipanda masuwa ya Kalundu mpaka Kalemie, aende kuangalia gare. Akiweza kuvuka ziwa, aangalie na ile ya Kigoma, kazi ya Wajerumani. Awapeleke watoto. Wajue kwamba hapo mbele ya ziwa yalikutana mawazo ya wakubwa na jasho la wadogo.

Na sisi wa sendika tuchukue somo, maana ile biashara haijaisha. Mwaka wa 2008 serikali yetu ilifanya mapatano na Wachina: barabara na majengo kwa shaba na kobalti ya Katanga. Kesho mtu anaweza kuja hapa na ahadi ya reli ao ya lami. Tusikatae kwa hasira, juu ya bila njia hatuwezi kuuza hata muhogo. Lakini tuulize mbele ya kupiga makofi: Anapewa ardhi gani, na kwa miaka mingapi? Faida yake imeahidiwa na nani, hata akishindwa? Wafanyakazi watalipwa ngapi, na kwa kontra iliyoandikwa? Siku madini yakiisha, nani atatengeneza ile njia? Mwaka wa 1902 hakuna babu yetu aliyekuwa mezani. Leo tuna sheria, tuna delege, na tuna watoto waliosoma. Meza ikiwekwa, tuwe na kiti.